Mbwa mdogo akiharisha damu, fikiria parvo kabla ya sumu

Simu nyingi zinazotufikia sisi madaktari wa mifugo zinaanza hivi, "dokta, mbwa wangu kalishwa sumu na jirani." Ukiuliza unaambiwa ana miezi mitatu, kagoma kula tangu jana, anatapika mapovu ya njano na anaharisha damu yenye harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Hiyo jamani mara nyingi ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na mpaka simu inapigwa mtu kashamnywesha maziwa ya kutosha na mafuta ya kula juu yake, tumbo lenyewe halishiki hata maji!

Kirusi hiki kilianza kujulikana mwaka 1978 na kikasambaa dunia nzima. Kinakula utando wa utumbo na kinapunguza chembe nyeupe za damu, kwahiyo mbwa anakauka maji huku bakteria wa utumboni wanapenya kwenye damu hakuna wa kuwazuia. Antibayotiki tunazochoma ni kwa ajili ya hao bakteria, kirusi haziui. Kinachomuokoa hasa ni dripu ya mshipani na sindano ya kuzuia kutapika, na akiwahishwa wengi wanapona, akiachwa wengi wanakufa ndani ya siku chache tu.

Vuta ngozi ya mabegani halafu iachie, ikichelewa kurudi ujue kakauka. Inua mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe au zinanata usingoje kesho.

Akirudishwa nyumbani mlaze sehemu yenye joto, mpe maji ya ORS kijiko kimoja kimoja, akitapika mpumzishe kidogo ndo uendelee. Kutapika kukitulia mpe kuku wa kuchemsha bila chumvi na wali laini, kidogo kidogo, usisubiri mpaka kuharisha kukate. Panadol na diklofenaki usithubutu.

Kinyesi kitoe chote kwanza ndo umwage jiki, sehemu 1 kwa maji 20, iache dakika 10. Sabuni pekee haitoshi, na kirusi kinaweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima. Binadamu hatuugui ila viatu vyetu vinakibeba, kwahiyo usilete mbwa mdogo mwingine hapo kabla hajamaliza chanjo.

Na chanjo sio moja. Inaanza wiki ya 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16, maana kinga aliyopewa na mama yake inaweza kuzima zile za mwanzo. Ile ya kichaa cha mbwa ya kampeni haihusiki na parvo kabisa, angalia kadi yake.