Maumivu Yakiisha, Je, Mwili Umepona? Dhana Potofu kuhusu Majeraha ya Kikiboksi

Katika kumbi nyingi za kikiboksi kipimo cha kupona ni kimoja tu: mchezaji huulizwa kama bado anaumwa, na akijibu hapana, huvishwa glovu siku hiyo hiyo. Kipimo hicho ni kibovu, na sehemu kubwa ya dhana zinazojadiliwa hapa chimbuko lake ni hilo.

Dhana: Maumivu yakiisha, jeraha limepona

Maumivu hutangulia kuondoka, nguvu hufuata baadaye sana. Kifundo cha mguu kilichoteguka kinaweza kuacha kuuma baada ya wiki chache, ilhali misuli inayokishikilia bado ni dhaifu na mwili haujarudisha uwezo wa kuhisi mguu umekaaje bila kuutazama. Ndiyo maana aliyewahi kuteguka yumo katika hatari kubwa ya kuteguka tena, hasa anapozunguka juu ya mguu mmoja ili kurusha teke. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa kano ya msalaba ya mbele ya goti, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kuchelewa kurejea michezoni, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu.

Kinachopaswa kupimwa, basi, ni uwezo. Wataalamu wa mazoezi tiba hulinganisha miguu miwili, kwa mfano kwa kuruka mbali kwa mguu mmoja, na kwa kawaida hutaka ule ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Hata hapo tahadhari inahitajika, kwa sababu mguu mzima nao hudhoofika katika miezi ya kukaa nje, na kulingana na mnyonge si ushahidi wa nguvu.

Dhana: Pumzika kabisa mpaka usihisi chochote

Hii ni dhana ya watu waangalifu, na kwa hiyo ni vigumu kuipinga. Hata hivyo, misuli na kano hujengeka zinapobebeshwa mzigo kwa kiasi. Zikiachwa bila kazi hulegea. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 alieneza kanuni ya kupumzisha jeraha, kuliwekea barafu, kulibana kwa bandeji na kuliinua, baadaye alikiri mwenyewe kwamba barafu na pumziko kamili vinaweza kuchelewesha uponaji. Barafu hutuliza maumivu, na matumizi yake yaishie hapo. Katika majeraha mengi ya misuli na kano, maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi yatulie kufikia asubuhi inayofuata. Kiungo kikiamka kimevimba, mzigo wa jana ulizidi na hatua moja irudishwe nyuma. Mfupa uliovunjika haumo katika kanuni hii, wala ubongo.

Dhana: Paja lililopigwa mateke lichuliwe mara moja

Teke zito la paja hupasua mishipa midogo ya damu ndani ya msuli. Kuchua kwa nguvu katika siku za mwanzo, tena kwa dawa za kupasha moto, huongeza uvujaji huo, na huhusishwa na tatizo baya zaidi: msuli kuota mfupa ndani yake, hali inayoweza kuonekana katika eksirei baada ya wiki kadhaa na kuzuia goti lisikunjike. Kinachosaidia katika saa 24 za kwanza ni kulifunga paja kwa bandeji huku goti likiwa limekunjwa kadiri linavyoweza bila kulazimishwa, ili msuli usigande ukiwa mfupi. Paja likizidi kukaza na maumivu yakawa makali kupita kiasi cha pigo lenyewe, hilo ni jambo la hospitali usiku huo huo.

Dhana: Ugoko uliozoeshwa kwa chupa hauvunjiki

Kusugua ugoko kwa chupa au kuugonga kwa fimbo huumiza utando unaoufunika mfupa bila kuujenga mfupa wenyewe. Mfupa huongezeka uimara kwa mzigo unaorudiwa na kupewa muda wa kujijenga, kama ule wa kupiga begi kwa miezi na miaka. Hata uimara huo una kikomo. Mwezi Aprili 2014, jijini Istanbul, Tyrone Spong, mmoja wa wapiganaji wazoefu kabisa wa mchezo huu, alivunjika mguu kwa teke alilolirusha mwenyewe dhidi ya Gökhan Saki. Miezi michache kabla, Desemba 2013, Anderson Silva, mpiganaji wa mchezo wa karibu na huu wa mapigano mseto (MMA), alivunjika vivyo hivyo teke lake lilipokingwa na mpinzani wake Chris Weidman, akawekewa chuma ndani ya mfupa, na hakupigana tena hadi Januari 2015. Hatari hutokea sehemu ya chini ya ugoko, iliyo nyembamba, inapokutana na sehemu ya juu ya ugoko wa mpinzani, karibu na goti. Kwa hiyo anayerejea baada ya kuvunjika anahitaji kujifunza upya umbali na wakati wa kurusha teke, jambo ambalo chuma hakimfundishi.

Dhana: Kama vidole vinasogea, mkono haujavunjika

Vidole husogea vizuri tu juu ya mfupa uliovunjika. Kuna mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambao ufa wake unaweza usionekane katika eksirei ya kwanza. Maumivu yakibaki hapo, picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Damu hufika kwake kwa shida, na ukipuuzwa sehemu yake inaweza kufa.

Dhana: Hakuzimia, basi kichwa ni salama

Watu wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, kusahau raundi iliyopita, au hasira isiyo na sababu, na nyingine hujitokeza saa kadhaa baadaye. Mwenye dalili hizo aondolewe mazoezini siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Kutapika mara kwa mara, degedege, kiungo kulegea, au kichwa kinachozidi kuuma ni dharura.

Makubaliano ya wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 hayashauri kujifungia gizani: saa 24 hadi 48 za pumziko la wastani hutosha, kisha kutembea na mazoezi mepesi. Safari ya kurudi ina hatua sita, kila moja ikichukua angalau saa 24, na mazoezi ya kupigana huja tu baada ya dalili kwisha na daktari kuruhusu. Ruhusa hiyo isitolewe na kocha mwenye pambano kwenye kalenda.

Kofia ya kujikinga haifupishi hatua hizo. Hupunguza michubuko na kupasuka ngozi, lakini ubongo huendelea kutikisika ndani ya fuvu, hivyo sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzako) ya kwanza iwe nyepesi hata kama kofia imevaliwa.