Sensa na geji ya presha ya oili lazima ziwe za jamii moja

Geji ya umeme katika gari la zamani haiigusi oili hata kidogo. Inachosoma ni ukinzani wa sensa iliyofungwa kwenye injini, na mshale hugeuza ukinzani huo kuwa presha kwa kadiri geji ilivyopangwa kiwandani. Ndiyo maana geji nzima na sensa nzima, zikiwa za jamii tofauti, hudanganya.

Sensa za kawaida za VDO, kampuni inayotengeneza geji na sensa za magari, zina omu (kipimo cha ukinzani) 10 hivi presha ikiwa sifuri, na hupanda hadi takribani omu 184 kwenye kipimo cha juu. Nyingi za Kimarekani huenda kinyume, yaani omu 240 kwenye sifuri na kushuka hadi 33. Ukiiunganisha sensa ya VDO na geji ya Kimarekani, mshale utapanda hadi mwisho injini ikiwa haijawashwa, na kosa hilo hujitangaza lenyewe.

Ninaloliogopa ni kosa linalofanana na ukweli. VDO hutengeneza sensa za bari (kipimo cha presha) 5 na za bari 10, na zote huanzia na kuishia kwenye omu zilezile. Sensa ya bari 5 hutoa omu 82 hivi presha ikiwa bari 2. Geji ya bari 10 ikipokea omu hizo huonyesha karibu bari 4, na injini ambayo beringi zake zimelika huonekana ina afya njema kabisa.

Kabla ya kununua chochote, chomoa waya, kisha pima omu kati ya ncha ya sensa na bodi yake injini ikiwa imezimwa. Sensa ya VDO yenye ncha mbili huandikwa G, inayokwenda kwenye geji, na WK, inayokwenda kwenye taa ya tahadhari. Sensa ya ncha moja hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha injini, kwa nyuzi zake za kufungia, kwa hiyo usiizungushie tepu ya kuzibia.

Ukishafunga, unganisha kwa muda geji isiyotumia umeme, inayoletewa oili yenyewe kwa mpira, na ulinganishe injini ikiwa imepata moto, ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta na ikiwa imekanyagiwa. Tofauti ndogo huvumilika, lakini moja ikisoma maradufu ya nyingine, fungua sensa usome bari zilizogongwa kwenye chuma chake.