"Mwili Umekataa Chuma": Usaha Baada ya Upasuaji wa Mifupa

"Mwili umekataa chuma": kauli hii haikauki midomoni mwa wagonjwa waliowekewa chuma cha kushika mfupa uliovunjika, kidonda kikatoa usaha, Nakuru hadi Kisumu, na huja na ombi lake: toeni chuma. Hapana. Mabamba na skrubu hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu au titani, na mwili huvivumilia kwa miaka. Mzio wa nikeli, madini yaliyomo katika chuma kisichoshika kutu, upo, lakini ni nadra na hautoi usaha. Usaha huletwa na bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe.

Udhaifu wa chuma ni kwamba hakipitiwi na damu. Bakteria wakikifikia hujifunika utando wa ute ambao dawa haiupenyi vizuri, kwa hiyo wachache tu wanatosha kuleta maafa. Hata hivyo, kukitoa mapema huongeza tatizo, kwani mfupa unaochezacheza hulisha maambukizi. Chuma kikiwa bado kimekaza, kwa kawaida daktari huosha kidonda, hukata nyama iliyokufa na kukiacha hadi mfupa uunge. Kikilegea, hubadilishwa.

Tuulize basi nani aliwafungulia bakteria mlango. Sukari iliyopanda hudhoofisha chembe nyeupe za damu: wakati wa upasuaji ishikwe chini ya 10 mmol/L, na kama HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, imepita asilimia 8, upasuaji usio wa dharura ungoje. Sigara hubana mishipa midogo ya damu; iachwe angalau wiki 4 kabla, na isirudiwe mshono ukiwa bado mbichi. Aliyeanguka na bodaboda mfupa ukatokeza nje anahitaji sindano ya antibiotiki ndani ya saa 1. Akipelekwa kwanza kufungwa majani kijijini, muda huo haurudi tena, na hakuna daktari anayeweza kuufidia.

"Nipeni antibiotiki za wiki mbili nijikinge." Dozi inayokinga ni ile inayoingia mshipani ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Kwa upasuaji safi, yaani usio na uchafu wala maambukizi, kuendelea baada ya saa 24 hakuongezi kinga. Mshono ukianza kuvuja, usikimbilie kemisti: vidonge vya kubahatisha huwaficha bakteria, kipimo cha maabara kikatoka tupu huku mfupa ukiendelea kuoza. Rudi kliniki siku hiyohiyo.

"Nyoa nyumbani uje safi." Wembe huacha mikwaruzo, na humo bakteria huzaana. Oga kwa sabuni usiku wa kuamkia upasuaji na asubuhi yake. Nywele zikiwa kizuizi, zitapunguzwa kwa mashine hospitalini.

"Mayai na maharagwe huleta usaha." Kinyume chake, nyama mpya hujengwa kwa protini. Kula hayo, na omena kila siku ukiweza.

Unga wa kapsuli za antibiotiki juu ya mshono? Haufiki kwenye chuma. Hugeuka ganda, usaha ukajikusanya chini yake, na muuguzi akalazimika kulilainisha na kulibandua kabla hajauona mshono wenyewe.