Mbegu zilizokaa miaka kabatini: namna ninavyozinywesha na kuzihamishia kwenye mfuko wa kitambaa

Mwezi wa pili alinijia kitaluni mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, mkononi kichupa cha dawa cha rangi ya kahawia. "Mwanangu, hizi ni pilipili mbuzi za marehemu mama, alitoka nazo Pangani. Mjukuu wangu amelowesha chache kwenye glasi usiku kucha, zimeoza zote. Hizi zilizobaki zitaota kweli?"

Nilizimwaga kiganjani. Mbegu changa ya pilipili mbuzi ina rangi ya majani makavu; hizi zilikuwa zimeiva kuelekea rangi ya udongo. Kikaratasi ndani kiliandikwa 2017. Nikamwambia, "Shangazi, zile za kwenye glasi hazikufa kwa uzee. Zimekufa maji."

Hili ndilo ninalotaka lieleweke, maana naliona kila msimu. Ndani ya mbegu kavu, tando za chembechembe za kiinitete, yaani kile kimche kilicholala ndani, zimejikunja kama karatasi. Mbegu inapokunywa maji, tando hizo hujinyoosha na kujiziba upya. Kwa mbegu changa kazi hiyo huisha upesi. Kwa mbegu nzee tando zimechakaa, na maji yakiingia kwa kasi huzipasua pasipoweza kuzibwa tena. Sukari huvuja nje, na ukungu unakuja kula. Asubuhi unakuta maji ya glasi yana utelezi na harufu. Hapo watu husema mbegu ilikuwa imekufa zamani.

Mwambao wetu nao hauzisaidii. Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, aliacha kanuni ambayo mpaka leo tunaitumia: kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka maradufu, na kila joto la mahali ilipohifadhiwa likipungua kwa nyuzi 5, maradufu tena. Ndiyo maana mbegu ya mtende iliyokaa kama miaka 2,000 katika ukavu wa Masada, kule Israeli, iliweza kuota mwaka 2005, ilhali mbegu za kitunguu zilizoachwa wazi kwenye kabati la jikoni hapa Tanga usizitegemee mwaka wa pili. Pilipili ikitunzwa kawaida ni miaka miwili mpaka minne. Hizi za Pangani ziliponea kwenye kile kichupa, kifuniko chake kilibana.

Nilihesabu mbegu 30. Siku ya kwanza sikuzigusisha maji kabisa. Nilitandaza kitambaa chenye unyevu chini ya kopo la plastiki, juu yake nikaweka kichujio cha chai, mbegu zikalala ndani ya kichujio, kopo likafunikwa. Zikakaa saa 24 zikinywa mvuke tu. Kesho yake ndipo nikazihamishia kwenye karatasi laini ya chooni, mbichi lakini ukiikamua haitoi tone. Maji ya kuilowesha niliyatia kijiko kimoja cha chai cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, kwenye nusu glasi, ili kuupunguza ukungu. Kopo likawekwa juu ya friji. Pilipili hupenda nyuzi 25 hadi 30, na mwezi huo Tanga hazikosekani. Mwezi wa saba, upepo wa kusi unapovuma, usiku nalifunika na kanga.

Kila asubuhi nilifunua ziingie pumzi. Siku ya 13 ikachungulia ya kwanza: kimzizi cheupe, chembamba kama ncha ya sindano. Mpaka wiki ya tano zilikuwa zimeota 11. Mbegu mpya ungezimaliza kwa wiki mbili, kwa hiyo tafadhali usizitupe mapema. Na ile tabia ya kutupa zinazoelea sikubaliani nayo. Mbegu nzee iliyo hai huelea pia.

Kimzizi kikifika milimita 4 naibeba mbegu kwa ncha ya njiti iliyoloweshwa, si kwa vidole, naifukia nusu sentimita kwenye udongo. Mbegu nzee mara nyingi hutoka na ganda limeng'ang'ania majani kama kofia. Usilivute. Tone la maji, subiri robo saa, litateleza lenyewe. Nilipoteza mche mmoja kwa papara hapo hapo, na uliniuma.

Sasa mifuko. Viriba vya nailoni sivitumii tena kwa pilipili za nyumbani, maana mzizi ukifika ukutani huanza kujizungusha. Kwenye kitambaa, ncha ikifika pembeni hukutana na hewa, hukauka, na nyuma yake huchipuka vimizizi vingi vipya. Nashona mwenyewe kutokana na mifuko mbadala, ile iliyoingia sokoni baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Gunia la katani ni zuri zaidi, ila huoza baada ya msimu mmoja au miwili.

Udongo wangu ni sehemu mbili udongo wa juu, moja samadi iliyoiva, moja vumbi la makumbi ya nazi. Makumbi yaliyolowekwa baharini yasuuze mara tatu, chumvi yake huunguza miche.

Miche ikiwa na majani sita ya kweli naihamishia kwenye mfuko, jioni, udongo ukiwa umelowa tangu asubuhi ili bonge lisimeguke. Shina linabaki kimo kilekile. Kisha namwagilia kuanzia ukingoni kuja katikati, mara mbili: ya kwanza kidogo, nangoja dakika kumi, ya pili mpaka idondoke chini. Kitambaa hukauka haraka, na udongo uliokauka huyaacha maji yapite pembeni bila kunywa. Jua la kaskazi likiwa kali ni asubuhi na jioni. Na mifuko isikae juu ya saruji, mizizi itaiva, iinulie matofali.

Miche saba ilienda Ngamiani, mitatu nikabaki nayo. Yule mama aliniletea pilipili za kwanza mwezi wa saba, za manjano, zenye harufu ile ya pilipili mbuzi inayofika kabla hujakata. Mbili tumeziacha ziive sana mtini. Maua yake nilikuwa nimeyafunga kwa kipande cha chandarua yasichanganyike na pilipili za jirani. Mbegu zake zitakauka kivulini, halafu zitaingia kwenye kichupa kilekile pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa ukapoa, wa kunyonya unyevu.