Mama, hiyo CRP ni ya vidonda

Mama mmoja alishuka na mwanawe kutoka Kibosho, wakaingia kliniki yangu hapa Moshi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla hajakaa vizuri akaniwekea mezani karatasi ya maabara ya mtaani. "Daktari, ugonjwa umeonekana kwenye damu. Soma hapo." CRP 48. Kijana ana miaka 22, na kwa miezi saba amekuwa akisikia watu wasiokuwepo wakimsema. Maji ya bomba hayanywi, anaamini majirani wametia sumu.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na jambo: nimonia, malaria, jipu. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, kwa kawaida haifiki miligramu 10 kwa lita. Nilimwomba kijana apandishe suruali. Vifundo vya miguu vilikuwa na vidonda vya kamba, vimetunga usaha. Ndugu walimfunga ili asikimbie wakati wanatafuta gari. Siwalaumu sana, ukikesha na mtu anayetaka kutoka kwenda mtoni saa nane usiku, kamba iko karibu kuliko daktari.

"Mama, hiyo CRP ni ya vidonda. Sauti hazipimwi hivyo."

Ila hakuuliza upuuzi. Wagonjwa wengi wa saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo, wanapopimwa kwa pamoja, hata ambao hawajameza dawa yoyote, wastani wa intalukini-6 katika damu yao huwa juu kidogo kuliko wa watu wengine. Hiyo ndiyo kemikali inayoliamuru ini litoe CRP. Uingereza, watoto wa eneo la Bristol walipimwa damu wakiwa na miaka 9, wakahojiwa tena wakiwa na 18. Matokeo yalitoka mwaka 2014: waliokuwa na intalukini-6 nyingi utotoni walikuwa na uwezekano unaokaribia maradufu wa kuripoti mambo kama kusikia sauti. CRP yao ya utotoni haikuonyesha uhusiano huo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba tafiti kadhaa zinaufungamanisha moto huu wa ndani, yaani mwili kuwa kwenye mapambano, na zile dalili za kimya, yaani kujitenga, kukosa ari na akili kuwa nzito, kuliko na sauti zenyewe. Na hizo za kimya ndizo zinazozishinda dawa zetu.

Sasa shuka kutoka wastani wa mamia uje kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Hapo kipimo kinapwaya. Unene hupandisha CRP, sigara hupandisha, jino bovu hupandisha. Isitoshe, nusu ya CRP iliyomo kwenye damu huondoka ndani ya saa 19 hivi, kwa hiyo namba ya leo inasimulia juzi na jana, haiwezi kusimulia miezi saba.

Damu naitoa, lakini kwa kutafuta vingine. Kaswende ikifika kwenye ubongo humfanya mtu aonekane amerukwa na akili, na inatibika kwa penisilini. VVU, malaria, sukari, tezi la shingo, vyote nataka kuvijua kabla sijaandika neno skizofrenia, ugonjwa wa akili wa saikosisi ya muda mrefu, kwenye faili. Baadaye damu hulinda mgonjwa dhidi ya dawa yenyewe. Klozapini, moja ya dawa za skizofrenia, inaweza kufyeka chembe nyeupe za damu. Finland mwaka 1975 iliua watu kwa njia hiyo, ndiyo maana anayeitumia lazima apimwe FBP, yaani hesabu ya chembe za damu, mara kwa mara.

Vipimo vya kijana havikuonyesha kingine. Tulisafisha vidonda, akapewa antibayotiki, tukaanza olanzapini, dawa ya saikosisi. Wiki mbili baadaye CRP ilikuwa 6. Sauti zilikuwepo bado, ingawa alisema sasa zinaongea kwa chinichini, na maji alikuwa anakunywa.

Safari ya tatu mama alikuja bila karatasi. "Leo humpimi damu, daktari?"

"Nampima sukari tu, mama. Na uzito. Hizi dawa zinaleta hamu ya kula."

"Hiyo nimeiona," akasema. "Ndizi zinaisha."