Kopo la majani ya chai: kuhitaji dawa na kuwa mraibu wa dawa

Mke wa mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu kutoka upande wa Bombo, aliniwekea mezani kopo la majani ya chai. Ndani hamkuwa na majani hata kidogo. Mlijaa vidonge vya levodopa, dawa ya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, vilivyonunuliwa katika maduka ya dawa matatu tofauti. "Daktari, huyu mzee wangu amekuwa mraibu," akasema. Mzee mwenyewe hakuwa akitetemeka. Mabega na shingo vilikuwa vikijinyonganyonga bila kutulia, dalili ya dawa iliyopita kiasi.

Neno "mraibu" nalisikia mara kwa mara katika kliniki yetu hapa Kampala, na aghalabu anayeitwa hivyo anaonewa. Mwenye ugonjwa wa Parkinson amepungukiwa dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo. Levodopa ikifika ubongoni hugeuzwa kuwa dopamini. Miaka ya mwanzo seli zilizosalia huiweka akiba na kuitoa kidogo kidogo. Seli zikizidi kufa, akiba hiyo hukosa pa kukaa. Na kwa kuwa nusu ya dawa huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kidonge cha saa mbili asubuhi huweza kuisha nguvu kabla ya adhuhuri. Hapo mtu hukakamaa, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, hofu humvaa ghafla. Akiomba kidonge wakati huo, anaomba kutembea.

Familia zikidhani ni uraibu, huficha dawa. Nawasihi, msifanye hivyo. Levodopa ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kupandwa na homa kali, mwili ukawa mgumu kama gogo, akachanganyikiwa, hata akafa.

Lakini uraibu wenyewe upo, ingawa ni wa wachache. Mwaka 2000 madaktari wa London walieleza habari za wagonjwa 15 waliokuwa wakimeza dawa kupita mahitaji ya miili yao. Walio hatarini zaidi ni wanaume, walioanza kuugua wangali vijana, na waliowahi kuwa na sonona au ulevi.

Mzee wetu nilimwandikia vidonge vinne kwa siku, naye alikuwa amefika tisa. Usiku hapati usingizi: anafungua redio kwa bisibisi, anapanga skrubu kwenye sahani kwa ukubwa, anazirudisha, anafungua tena mpaka alfajiri. Nikamwuliza swali ninalolitegemea kuliko kipimo chochote: "Afande, unameza ukishakakamaa, au hata mwili ukiwa mwepesi?"

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Hata ukiwa mwepesi, daktari. Kukakamaa sikuogopi. Kidonge kikianza kuisha nguvu naingiwa na giza moyoni, na hilo giza ndilo naliogopa."

Mkewe akamgeukia. Alikuwa hajawahi kulisikia hilo.

Kuna jambo jirani, nalo huchanganywa na hili. Vidonge vya jamii ya pramipeksoli, dawa nyingine za Parkinson, huweza kumwamshia mtu hamu asiyoweza kuizuia: kubeti, kununua vitu, kula, ngono. Huyo hafukuzii kidonge, kidonge ndicho kinachomsukuma. Vituo vya kubeti vimejaa mijini kwetu, kwa hiyo kila mgonjwa wa dawa hizo namwuliza waziwazi, na nawaomba ndugu wasimwite mhuni. Dawa ikipunguzwa kwa mpango wa daktari, wengi hutulia.

Kwa mzee tunapunguza polepole, nusu kidonge kwa hatua, dozi ndogo zilizogawanywa vizuri mchana kutwa. Dawa anatunza mkewe, na inanunuliwa duka moja tu. Lile giza nalo tunalitibu, maana tukiliacha atarudi kwenye kopo. Wiki ya pili alinipigia simu mama huyo, mzee akilia kwamba anateswa. Nilimwomba ampe kidonge cha saa yake, asiongeze, akae naye barazani mpaka dawa ishike. Walikaa dakika arobaini. Sasa mama ananiletea daftari: saa ya kumeza, saa ya kukakamaa, na safu ya tatu aliyoianzisha mwenyewe, ya giza.