Mbita na Rusinga: mengi uliyoambiwa njiani si kweli

Ukimwambia mtu wa Nakuru kwamba Jumamosi unaenda ufukoni, atakuuliza tiketi ya SGR umekata lini. Kwetu ufuko ni Bahari ya Hindi, na mambo ya kale ya ufukoni ni Fort Jesus na Gedi, basi. Mimi siku hizi nikisema ufukoni ninamaanisha Mbita, kaunti ya Homa Bay, mji mdogo uliojibanza ukingoni mwa Ziwa Victoria. Tatizo lake ni moja: ukiuliza njia unapewa na hadithi juu, na hadithi nyingi zina walakini.

Ya kwanza utaisikia ungali Kisumu, kwamba Rusinga ni kisiwa kwa hiyo lazima upande boti. Hapana. Tangu miaka ya 1980 kisiwa kimeungana na Mbita kwa tuta, na baadaye likajengwa daraja ili maji yapate pa kupita. Bodaboda inakuvusha kwa dakika chache. Maji unayoweza kuyavuka ukitaka ni mengine: ukitokea Kisumu, shika njia ya Siaya hadi Luanda K'Otieno, upande feri mpaka Mbita, badala ya kuzunguka kwa barabara kupitia Homa Bay.

Ya pili inamhusu mwenye kisiwa, kama watu wa huku wanavyomchukulia. "Tom Mboya alizaliwa hapa Rusinga." Mboya, kiongozi wa wafanyakazi aliyekuja kuwa waziri Kenya ilipopata uhuru, alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Lakini jaribu kumwambia hivyo mzee wa Rusinga uone atakavyokutazama. Kwa mila za huku, mahali pa kuzaliwa ni pale kazi ya baba ilipokuwa. Kwenu ni pale utakapozikwa. Naye alizikwa hapa.

Kaburi lake liko ndani ya jengo la aina yake. Nilipokwenda na mpwa wangu wa miaka tisa, alilikodolea macho akasema, "Mjomba, hii ni roketi." Wapo wakubwa wanaodhani ni kanisa. Ni risasi. Jengo limepewa umbo la risasi kwa sababu ndiyo iliyomuua, tarehe 5 Julai 1969, Nairobi, kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Wengi wakitazama picha zake, na suti zile, wanadhani alikuwa mtu wa makamo. Alikuwa na miaka 38.

Hapohapo utaambiwa kwamba Mboya alimpandisha baba yake Barack Obama kwenye ndege ya wanafunzi iliyolipiwa na John F. Kennedy. Hapa mambo mawili yamefungwa fundo moja. Safari za wanafunzi alizopanga Mboya zilianza 1959. Pesa za familia ya Kennedy zilikuja 1960. Wakati huo Obama mzee alikuwa keshatua Hawaii, na hakusafiri na ndege ile. Mboya alimfahamu na kumuunga mkono, hilo ni kweli, na kwa maoni yangu linatosha bila kuongezewa chumvi.

Sasa mifupa. Oktoba 1948, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliokota Rusinga fuvu la mnyama aliyejulikana kama Proconsul, na tangu hapo kila kijana anayekutembeza atakuambia kwamba hapa ndipo alipoishi binadamu wa kwanza. Aliyeishi hapa, takriban miaka milioni 18 iliyopita, ni mnyama wa jamii ya sokwe wa kale, asiye na mkia, zama ambapo ukoo wetu na wa sokwe mtu ulikuwa haujatengana bado. Mwaka 2015 wataalamu walimpa jina jipya, Ekembo, walilolitoa katika lugha ya Kisuba.

Ninachokipenda zaidi ni kile ambacho hakuna anayekitaja. Wageni husimama kilimani, wakatazama maji yale ya buluu, wakamwaza mnyama huyo akishuka jioni kunywa ziwani. Ziwa halikuwepo! Ziwa Victoria lina umri wa takriban miaka laki nne tu. Alikoishi Ekembo kulikuwa na msitu, na volkano ya Kisingiri jirani ikimwaga majivu yaliyofunika mifupa, mbegu, hata wadudu, yakavihifadhi mpaka leo. Na ukiona kipande cha mfupa njiani, kiache. Kukibeba ni kosa kisheria.

Kuhusu Kisuba chenyewe: usiseme kila mtu hapa ni Mjaluo kwa kuwa anaongea Dholuo. Wengi ni Wasuba, na lugha ya mababu zao ni ya Kibantu. Ukichukua boti kwenda kisiwa cha Mfangano ukaone michoro ya mapango, yale maduara mekundu na meupe, utaambiwa ni kazi ya Wasuba. Wataalamu wanasema ni ya Watwa, wawindaji waliotangulia. Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyoingia orodha ya UNESCO 2018, nayo husemwa kuwa "hapo tu". Iko Migori. Itengee siku yake.

Maji matulivu ya ukingoni, yenye majani, usiyaamini hata yakiwa meupe kama ya chupa. Konokono wa kichocho hukaa hapo hapo.

Na samaki. Mama mmoja mwenye kibanda karibu na gati aliniuliza ninataka ngege (perege) au mbuta (sangara), "samaki wetu wa tangu jadi." Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950. Ngege wa asili amekuwa adimu; aliyekuwa kwenye karai alikuwa nyamami, perege wa aina nyingine, mgeni naye, mwenye mistari mkiani. Nikamwonyesha mistari ile. Akamgeuza samaki kwenye mafuta, akaitazama, akacheka: "Sasa omera, unakula ama unasoma?"

Nikala, kwa ugali wa mtama.